Mawe Matatu ya Daraja

Jumatatu, 12 Aprili
Matanga mawili na harambee moja ya kanisa, yote kabla ya saa tisa. Nilipewa maiki. Nikamsifu kila marehemu dakika mbili, daraja nitakalojenga dakika ishirini. Miaka ishirini na tano kwenye kiti cha udiwani wa wadi na sauti bado iko. Nimeridhika sana.

Jumatano, 14 Aprili
Leo nimeweka jiwe la msingi la daraja. La tatu. La kwanza, akina mama wa ng'ambo ya mto wanafulia nguo juu yake. La pili limemezwa na nyasi. Hili ni la marumaru, na jina langu halijawahi kuandikwa kubwa hivi.

Mama Nafula, muuza mboga wa ng'ambo, akauliza mbele ya watu: "Mheshimiwa, haya mawe tungeyapanga tu, si tungevuka?" Wakacheka. Nikacheka pia, mimi ni mtu wa watu. Niliudhika njia nzima.

Ijumaa, 16 Aprili
Kesho mchujo wa chama. Ni mlolongo: kila mtu anasimama nyuma ya mgombea wake, mchana kweupe. Mshindani wangu ni Mwalimu Tarus. Mgeni kabisa katika siasa, hata kuhutubia matanga hajui. Ng'ambo ndiyo ngome yangu. Hawajawahi kuniangusha.

Mke wangu anasema mawingu ya upande wa Kaptagat ni meusi. Nimemwambia mvua ni baraka. Moyoni naogopa. Bila hiki kiti sijui mimi ni nani.

Jumamosi, 17 Aprili
Mvua tangu alfajiri. Mto umefurika. Uwanja wa shule, pa kupangia mlolongo, uko upande huu.

Mlolongo wa Tarus ulifika hadi vyooni. Wangu: mke wangu, shemeji, wazee sita. Ng'ambo niliwaona watu wangu, mamia, wamejipanga vizuri kabisa, sura yangu kwenye fulana zao. Walinipungia mikono. Msimamizi akasema wa huko hawahesabiki. Nikamwahidi daraja. Akaendelea kuandika matokeo.

Nimeshindwa.

Jumapili, 18 Aprili
Kanisani nilikaa nyuma. Hakuna aliyeniita mbele nisalimie watu. Nilisikia mahubiri mpaka mwisho, mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Yalikuwa mazuri. Nililia kidogo, si kwa sababu ya mahubiri.

Jumamosi, 8 Mei
Mvua imepumzika, mto umepungua. Nilikamua ng'ombe, nikashuka mtoni. Nikawakuta watu wa ng'ambo na magogo ya mikaratusi, wanajenga wenyewe. Mama Nafula akaniangalia. "Mzee, sasa si uko na nafasi? Shika hapa."

Mzee, si Mheshimiwa. Nilishika.

Gogo la kwanza tuliliegemeza juu ya jiwe langu la marumaru, tulilokuwa tumelilaza, jina likitazama chini. Kumbe ni jiwe imara. Nilipigilia misumari kumi na minne. Hakuna aliyepiga picha. Mgongo unauma na nina furaha.

Saa kumi jioni nilivuka. Nikarudi. Nikavuka tena.