Mahindi Nyuma ya Mlango wa Gereji

Jumatatu, 1 Desemba

Nimeanika tena. Maturubai manne, tangu umande ukauke hadi saa kumi. Nimegeuza kwa reki mara tatu. Mgongo unauma. Saa nane nilipima kwa chupa na chumvi, vile mke wangu, Mama Nekesa, alivyonionyesha: kiganja cha mahindi, chumvi kavu, tikisa. Chumvi ikaganda kwenye chupa. Bado yana maji. Siku nne za jua zaidi, tano mawingu yakija.

Yeye yuko kwao Bokoli tangu Jumamosi, anamuuguza mama yake. Siwezi kumfuata. Kwetu mkwe haingii nyumba alimolala mama mkwe, hata kama hali ni mbaya namna gani. Kwa hivyo nimebaki Kitale na mahindi. Ni yake. Alikodi shamba Kiminini, akapanda, akapalilia mara mbili. Mimi tangu nistaafu ukarani ni mtu wa kusoma gazeti barazani. Kazi aliyoniachia ni moja tu: toa asubuhi, rudisha jioni.

Jumanne, 2 Desemba

Springi ya mlango wa gereji imekatika.

Nilikuwa nimerudisha mahindi yote na kuyamwaga lundo moja sakafuni. Nikavuta mlango ushuke. Mlio kama wa bunduki, halafu mlango ukaanguka wenyewe. Nimeponea chupuchupu. Kidogo tu mguu ubaki chini yake.

Sasa hauinuki. Ile springi nene iliyo juu, upande wa ndani, ndiyo inayobeba uzito wote. Bila hiyo huu ni ukuta wa chuma wenye upana wa magari mawili. Nimejaribu kuuinua peke yangu. Ujinga. Gereji haina dirisha, ina matundu ya hewa tu karibu na paa. Mlango mdogo wa ubavuni niliuziba mwenyewe kwa matofali mwaka juzi, baada ya wezi kupitia hapo. Nilijisifu sana siku hiyo.

Mama Nekesa alipiga simu jioni. Ameuliza kama nimeanika. Nimesema nimeanika. Ni kweli. Sikuongeza kitu.

Jumatano, 3 Desemba

Jirani yangu Wanjala amekuja na wanaume wanne. Tumeinua. Upande mmoja ukapanda kidogo, wa pili ukakataa, mlango ukapinda kwenye reli zake na kukwama. Tangu hapo hata kutikisika hautikisiki. Tumefanya mambo kuwa mabaya zaidi.

Wanjala akaenda ubavuni, akagonga matofali kwa ngumi. "Mzee, si uvunje hapa bana? Ni kazi ya nusu siku. Mahindi itoke."

Nikasema hapana, tungoje fundi.

Niandike ukweli hapa maana sitausema kwingine. Mtaa mzima hakuna mlango kama huu. Niliununua Eldoret kwa mtu aliyekuwa anabomoa nyumba. Nilipojenga gereji nami sina gari, watu walicheka. Mama Nekesa naye alicheka mpaka akaketi chini. Nikamwambia atanishukuru siku mahindi yake yatakapopata pa kulala. Nikibomoa ukuta kando ya mlango huu, nitakuwa nimekubali kwamba walicheka kwa haki. Basi. Hiyo ndiyo sababu. Hakuna nyingine.

Alhamisi, 4 Desemba

Fundi Barasa, mchomeleaji wa mjini, amepanda ngazi na kumulika kwa simu kupitia matundu. Alikaa juu kitambo akitikisa kichwa.

"Huu mrango si ya huku, mzee," akasema. "Nikipiga grainda, cheche itaingia kwa makapi, tuchome nyumba. Tafuta ule mtu wa Eldoret alikuuzia."

Nimempigia mtu wa Eldoret. Anayo springi. Atakuja Jumamosi.

Jua la leo lilikuwa la kuanikia hasa. Wanjala ameanika yake hadi kando ya barabara. Nimekaa ndani, pazia limefungwa, nisilione.

Simu ya jioni. "Umeanika, Baba Nekesa?" Nikasema nimeanika. Huo ndio uongo wa kwanza. Ulitoka kwa urahisi. Nimeogopa vile ulivyotoka kwa urahisi.

Jumamosi, 6 Desemba

Hakuja. Nimepiga mara sita. Mwishowe ujumbe: kesho kutwa, bila kukosa.

Wanjala amepita na kuuliza tena kuhusu ukuta. Nilimjibu vibaya. Mtu amenisaidia, nami namfokea.

Jumapili, 7 Desemba

Kanisani sikusikia neno hata moja. Niliporudi niliweka kiganja kwenye mlango wa gereji, chini kabisa, pale lundo linapoegemea. Chuma kina joto. Nikajiambia ni jua. Lakini mlango unatazama mashariki, na ilikuwa saa kumi jioni.

Nikapanda ngazi. Harufu kwenye matundu ni ya pombe ya busaa inayochacha.

Mama Nekesa amesema mama yake hali chakula tena, hata uji unarudi. Amechoka, sauti imekauka. Akasema, "Angalau hiyo mahindi haininyimi usingizi." Nimejichukia mpaka nikashindwa kumaliza chai.

Kwa nini sikumwambia? Kwa sababu yuko kando ya kitanda cha mama yake. Hiyo ndiyo sababu nzuri. Ile mbaya ni kwamba ningelazimika kumweleza kuhusu ukuta.

Jumatatu, 8 Desemba

Hajaja. Jua limewaka kutwa nzima.

Jumanne, 9 Desemba

Mama mkwe amefariki alfajiri.

Mama Nekesa hakulia kwenye simu. Alikuwa anapanga mambo, ndivyo alivyo. Mazishi ni Jumamosi. Kila mkwe na chake: mume wa dada yake mkubwa analeta ng'ombe, wa mdogo sukari na majani ya chai. "Sisi ni mahindi," akasema. "Leta gunia mbili Alhamisi, iende kusiagwa ya kulisha watu. Nimeshawaambia."

Nikasema sawa. Nikaenda kwa Wanjala kuomba nyundo kubwa. Alikuja nayo mwenyewe, na patasi.

Ukuta haukuchukua hata nusu siku. Saa tatu tulianza, kufika saa tano tofali la mwisho lilikuwa chini. Saa mbili tu. Siku saba nimeuogopa ukuta wa saa mbili.

Mvuke ulitupiga usoni. Juu ya lundo pamefanya ganda, kijani na nyeupe, yameshikana mabonge mabonge. Nikachimba kwa mkono. Ndani kuna joto la kukufanya uutoe haraka. Meusi. Mengine yameanza kuota. Nimechimba kona zote nne nikitafuta hata debe moja la kuokoa. Hakuna.

Wanjala alisimama pale kwenye tundu, akavua kofia. Kwa mahindi. Sijawahi kuona mtu akifanya hivyo.

Saa tisa yule wa Eldoret akapiga kusema yuko njiani na springi. Nikakata simu. Nikaketi juu ya matofali nikalia kwa sauti, mzee mzima.

Alhamisi, 11 Desemba

Bokoli. Wanjala amenipa magunia mawili ya kwake. Nimeyapakia, nimeyafikisha.

Nilibaki nje ya boma karibu na turubai la wageni. Mama Nekesa akatoka na dada zake kuyapokea. Amekonda kwa siku hizo chache. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, kila mji tulioupita niliyabadilisha. Kabla sijafungua mdomo, yeye alikuwa ameshafungua gunia. Akachota kiganja. Akang'ata punje moja.

Mahindi yake ni mapana na bapa. Ya Wanjala ni madogo, ya duara. Mtu aliyepanda kwa mkono wake hawezi kudanganyika hapo. Nami mjinga sikulifikiria hilo hata mara moja.

Akanitazama. Muda mrefu. Dada yake mkubwa akauliza kama kuna shida.

"Hakuna," akasema. "Hii ni mahindi yetu. Nimelima Kiminini na hii mikono yangu."

Dada mkubwa akanipa mkono. "Asante sana, mkwe. Umetuheshimu." Mama Nekesa alikuwa ameshageuka, anafunga gunia.

Jumamosi, 13 Desemba

Tumemzika. Wakwe tuliketi kando kama desturi. Watu walikula wakashiba, wakasifu ugali. Mume wa dada mdogo alinipongeza mara mbili. Ugali wangu niliuacha kwenye sahani.

Mama Nekesa hajaniambia neno tangu Alhamisi isipokuwa mbele za watu. Mbele za watu ananiita vizuri kabisa.

Jumanne, 16 Desemba

Tulirudi jana. Akaingia ndani, akalala.

Asubuhi alivaa gambuti, akapita kwenye tundu la ukuta, akaitazama springi iliyokatika, akasimama mbele ya lundo. Nikachimba shimo nyuma ya nyumba. Hata kuku hawawezi kupewa haya. Yeye anajaza karai, mimi napokea, namwaga. Tumefanya hivyo tangu saa mbili. Wanjala alichungulia juu ya ua akaondoka polepole.

Karibu saa nne alinyoosha mgongo. Akaniuliza, bila ukali, kama ningevunja ukuta siku ile springi ilipokatika, mahindi yangepona.

Nikasema ndiyo. Yote.

Akaitikia kwa kichwa. Akakaza leso kiunoni, akainama, akajaza karai lingine. Nikalipokea.