Raundabauti imeniweka ndani na mama mkwe

Shoga uko wapi? Acha unachofanya, usome.

Nilikuwa nampeleka mama mkwe kliniki. Ile raundabauti kubwa nimeingia vizuri tu, nikajibana upande wa ndani karibu na maua. Kutoka sasa! Kila nikiwasha indiketa ya kushoto, lori hili hapa ubavuni.

Nikazunguka tena. Na tena. Na tena, shoga!! Mpaka askari wa trafiki akaanza kunipungia mkono kama jirani.

Mama nikadhani amesinzia. Mara akauliza taratibu, "Mwanangu, yule askari si tumeshamsalimia?"

NILITAMANI ARDHI IPASUKE INIMEZE.

Akashusha kioo, akatoa mkono nje na mtandio wake wote, akapaza sauti: "Jamani tupisheni, mkwe wangu anataka kutoka!"

Lori likasimama. Wote wakasimama! Nikatoka.

Tulipofika kliniki mume wangu akapiga simu. Si unajua alivyoapa kwamba gari sitaliweza? Mama akaidaka simu: "Mkeo dereva kwelikweli. Amenitembeza mji mzima."

Halafu akanikonyeza, shoga. Mama mkwe! AKANIKONYEZA!