Diski Feki na Sauti ya Mama

Jumanne, baada ya isha

Majina ya video yapo yote, ila hakuna hata moja inayofunguka. Nimejaribu kwenye kompyuta yangu na kwenye laptop ya dada Zuhura. Hola.

Wiki iliyopita nilinunua diski Kariakoo, nikahamishia video za marehemu mama, kisha nikazifuta kwenye kompyuta ili nipate nafasi. Kumbe diski ni feki. Inajitangaza ina nafasi kubwa, lakini ndani ni ndogo; imeshika majina tu, video zenyewe hazimo.

Leo nimemrudia muuzaji. Hakuinua hata macho kwenye simu yake.

"Kaka, si ulijaribu hapa ikawaka? Nikubadilishie?"

"Ukinibadilishia, mama yangu atarudi?"

Mteja mmoja akacheka, akidhani natania.

Nimejaribu programu ya kurudisha vilivyofutwa. Imeokota picha mbili za ukuta wa jikoni, basi.

Nimemwambia Zuhura. Sikutegemea aseme kwa upole vile: "Hata ile anayoimba huku anakaanga samaki?"

"Hata hiyo."

Akajaribu kuuimba ule wimbo mwenyewe. Mstari wa kwanza ukatoka, akakwama, akanitazama nimsaidie. Nami siujui wa pili.