Papa Émile, wamemuua Carlos mu filme yao

Mwaka mumoja inatimia leo, papa Émile, tangu ile homa ilikubeba. Tulitaka kukuandikia maneno ya sukari. Utatusamehe, tuko na hasira.

Tunakumbuka vile ulikuwa unaficha viatu vya wageni ili wasirudi kwao mbio, halafu unawasaidia kutafuta na sura ya mutu ya kanisa. Tunakumbuka ukisuka mitego ya samaki na kekele, ile kamba ya pori, ukiimba vibaya kabisa. Mama Philomène alikuwa anakuambia, "Émile, nyamaza, samaki wanasikia!"

Na ile siku ya mvua. Carlos, kijana ya jirani mwenye kuendesha toleka, ile baiskeli ya kubeba watu, aliingia mu pango na wenzake wawili kukamata popo ya kula. Maji ikapanda, ikafunga mulango. Ukajifunga kekele ku kiuno, ukatosha wale wawili inje. Watu wakakukataza kurudi. Ukasema, "Muniache. Mama yake Carlos anapigaka kelele sana, nani kati yenu ataenda kumuelezea?" Ukarudi. Ulimutosha muzima, na ukamuuliza, "Sasa popo iko wapi?"

Bon. Ulipokufa, watu ya filme wakakuja. Ku affiche, ile karatasi ya matangazo, waliandika "histoire vraie", ati ni hadisi ya kweli. Lakini mu filme yao wewe unaogopa, unakata kamba, Carlos anakufa mu maji. Sasa watoto ya avenue, wenye waliona vile wanaitengeneza, wanamuita mujukuu wako Grâce "mutoto ya mukata-kamba". Anarudi toka masomo analia.

Juma iliyopita réalisateur wao, ule mwenye kuongoza filme, alifika ku parcelle yetu, miwani ya jua ku kichwa.

"Mama Philomène, tafazali, usitoshe nguo nyeusi kwanza. Ngojea projection, siku tutaonyesha filme. Utasimama karibu na écran, mu deuil, na hizo nguo za kilio, watu wakuone."

"Ili waseme muke yake anakubali?"

"Ni cinéma tu, mama. Lazima mutu mumoja akufe."

"Ufe wewe."

Carlos alikuwa pale pale, anakula pondu. Mama akamuita, "Carlos, simama, huyu tonton anataka kuona maiti yako." Carlos akamupa mukono, vidole vimejaa mawese. Yule bwana akapanguza mukono ku suruali, akauliza tena kama mama atakuja!

Papa, unajua kwetu mujane hajivuliake deuil yeye mwenyewe. Ndugu ya marehemu njo anaitosha, anaenda kuitupa mu mto. Na ndugu zako wote walikutangulia, basi familia ilikuwa inagombana nani ataitosha. Leo asubui mama amekata ile kelele.

"Carlos ataitosha. Émile alimuzala mu lile pango."

Hakuna mutu alibisha. Carlos ameitosha, ameipeleka ku mto Tshopo, maji imeibeba. Mama iko mu liputa, kitenge ya rangi ya njano, nywele imesukwa, kama mutu anaenda ku ndoa. Wale wa filme, kama wanataka mujane mu nyeusi, watafute comédienne wa kuigiza. Wamezoea kudanganya.

Tunaokukumbuka: muke yako Philomène, watoto wako Fortunée, Dady na Carlos, mujukuu wako Grâce.

Hatutakusahau ata siku moja, papa. Na wao pia, hatutawasahau.