Shukrani ya Muratina Kiambere

Karimi, dada yangu mpendwa,

Watu wengi hudhani kwamba aliyeacha pombe amekwisha kupona, na funda moja la sherehe haliwezi kumdhuru. Hapa Kiambere nimeliona kosa hilo kwa macho yangu, na hasira haijanitoka.

Wako vijana waliokuwa genge la kupora watu sokoni, walevi wa kutwa. Sasa wameacha yote mawili. Katika jua hili linalounguza nyayo, wamewachimbia wafugaji wa Kimbeere bwawa la kunyweshea mbuzi, bila malipo. Jana wazee walikuja kuwashukuru. Unajua waliwaletea nini? Kibuyu cha muratina, ile pombe ya asali!

“Kunywa, Njeru,” mzee mmoja akamwambia kiongozi wao. “Ama umekuwa mama wa kanisa?”

Watu wakacheka. Njeru alikitazama kibuyu mpaka jasho likamtoka.

“Mzee, nikionja hii, kesho nitakuja kwako na panga.”

“Ukikataa baraka yangu umenitukana!”

Baraka gani hiyo ya kumrudisha mtu shimoni? Nilisimama nikawaeleza polepole, kama nilivyozoea darasani, kwamba kwa kijana huyu funda la kwanza ndilo ugonjwa wenyewe. Mzee alinuna, lakini mkewe akaleta uji wa wimbi, na Njeru akaunywa wote.

Mwanao Mutwiri anatoka kwenye kituo cha matibabu ya ulevi Jumamosi, nami nasikia shemeji amechachusha pombe ya kumpokea. Nawapenda nyote, Mungu awatunze. Leo hii, kabla hujapika, mwaga pombe hiyo yote.

Kaka yako