Mchi wa Bi Mwanaidi

Mjukuu wangu Rehema,

Huku Buguruni tunapumua. Mguu bado unanisumbua, ila mama yako amepata nafuu. Umeniuliza, ofisi yenu ya Mwanza ikishaleta hiyo mashine ya kujibu wateja, wewe utakuwa nani. Swali lako limeninyima raha.

Enzi za Mwingereza, mie msichana, harusi ya mtaani ilianzia kwenye vinu. Wanawake walitwanga mpunga, na Bi Mwanaidi, mjane jirani yetu, ndiye aliyeongoza nyimbo. Mashine ya kukoboa ilipokuja tulishangilia, maana viganja vilituchubuka. Mpunga wa harusi ya dada yangu tukaupeleka huko. Hakuna aliyekumbuka kumwambia Bi Mwanaidi.

Akaja asubuhi, mchi begani. Uani kimya. Mama akamtandikia mkeka, akamletea chai na vitumbua. “Leo pumzika, dada. Leo wewe mgeni wetu.”

Akakitazama kile kikombe, hakukigusa.

“Tangu lini mimi mgeni hapa?”

Akajitwika mchi wake, akaondoka. Hakuna aliyemjibu. Nawe, mjukuu wangu, sijui nikujibu nini.

Bibi yako, Tatu