Nilidanganya Kileo, Mume Wangu Akalia Mbele ya Theluji

Mpendwa Bi Sabrina, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu za hapa Same. Naomba unisaidie kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi, maana nimejitia kitanzi kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, nina mume, nitamwita Gadiel, na mtoto mmoja wa miaka saba, Blessing. Gadiel alipokuwa ananichumbia tulipita Mwanga kwa basi akanionyesha Kilimanjaro kule mbele, akasema siku moja nitakupeleka karibu na ile theluji, mimi na wewe tu. Miaka kumi ikapita, kila mwaka theluji inasubiri, mara tangawizi haijavunwa, mara nyumba haijaezekwa, mpaka mwezi uliopita akaniambia kesho twende, tukamwacha Blessing kwa jirani tukapanda kirikuu chetu cha kubebea tangawizi, nami nilifurahi kuliko siku ya harusi kwa sababu kirikuu kina viti viwili tu, nikajua leo hata mtu akitaka kujipachika hana pa kukaa.

Ila Bi Sabrina, sikuwahesabu ndugu wa njiani. Kwetu Upare kupita mlangoni kwa ndugu bila kusalimia ni kesi ya ukoo mzima. Mwanga tukasimama kwa baba yake mdogo Fanueli, "dakika mbili tu, mama Blessing", tukanywa chai, tukala makande, tukaombewa safari kwa sala iliyotaja mpaka matairi. Mbele kidogo kwa binamu yake tukapewa ndizi za kupika na jogoo akapakiwa nyuma. Saa saba mchana tukaingia Kileo kwa shangazi yake Asteria, naye kutuona tu akaanza kufukuza kuku wa kuchinja. Nikamnong'oneza Gadiel, "Mlima unafunikwa na mawingu," akanijibu, "Sasa shangazi atanielewaje?" Kuku alipokuwa jikoni shangazi akasema, "Laleni hapa hapa, theluji haina miguu, kesho mtaikuta." Hapo ndipo nikajisikia nasema, "Shangazi nisamehe, harufu ya kuku inanishinda, nina mimba changa."

Shangazi alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja, akatusukumia kwenye gari mwenyewe, akamwambia Gadiel, "Mpeleke mwenzio akapate hewa, wewe mwanamume vipi?" Gadiel aliendesha mpaka Himo macho barabarani, nikadhani amekasirika. Tulipopanda juu ya Marangu kwenye ile baridi ya kutoa moshi mdomoni akasimamisha gari, akazunguka akanifungulia mlango, kitu ambacho hajawahi kufanya tangu tuoane. Mawingu yakaachia, theluji ikaonekana nyeupe pee, karibu mpaka nikaogopa. Akanivika koti lake, akalia, mwanamume mzima, akasema, "Miaka saba nimeomba kimya kimya, niliogopa nikikuuliza nitakuumiza." Nilifungua mdomo nimwambie ukweli nikashindwa. Siku ile nilimpenda kuliko siku zote, na ndiyo siku niliyokuwa namdanganya.

Sasa cherehani ameifungia stoo, anasema pedali inamtikisa mtoto. Anaimba akichota maji. Mama mkwe ameteremka kutoka Vudee na ndizi na unga wa ulezi, na ameshamweleza mchungaji kwamba Jumapili hiyo ya mwisho tutasimama mbele ya kanisa kutoa sadaka ya shukrani. Rafiki yangu Jackline ananiambia nifanye haraka nipate ya kweli, nani atahesabu miezi. Bi Sabrina, nifanyeje? Jina langu naomba lisitoke.

Mshonaji, Same

*

Marahaba mwanangu, nimekuzidi sana. Nimecheka barua yako njia nzima mpaka pale mumeo alipolia, hapo nikavua miwani.

Tuanze na Jackline. Eti nani atahesabu miezi? Shangazi Asteria ameshaanza, na mama mkwe wako anahesabu hadi wiki. Mtoto haitwi duniani kuja kumsitiria mama yake uongo, tena haji kwa siku uliyompangia. Shauri hilo mrudishie mwenyewe.

Sasa wewe. Kulikuwa na njia mia za kumkwepa yule kuku. Ungesema kichwa kinauma, ungesema umeshiba, ungesema hata ukweli. Badala yake ulichukua kitu ambacho mwenzio anakiomba kwa Mungu ukakifanya ruhusa ya kuondoka mezani. Kileo ulikuwa hujui kwamba anakiomba, hilo nakubali. Tangu Marangu unajua, na kila asubuhi unayomwacha achote maji akiimba unadanganya upya. Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia madhabahuni. Usifike huko.

Gadiel naye, ukishamwambia ukweli, mpe gazeti hili asome hapa. Baba, ndugu wote walipata salamu siku ile isipokuwa uliyekuwa umekaa naye gari moja. Simu unayo. Ungewaambia asubuhi, "Tutapita wakati wa kurudi." Hakuna ukoo uliovunjika kwa kusalimiwa jioni.

Mwanangu, usingoje Jumapili. Kesho asubuhi mwambie mumeo akusindikize mahali ambapo mama mkwe hasikii, umwambie maneno haya tu: "Sina mimba. Nilidanganya kwa shangazi kwa sababu nilitaka siku moja na wewe. Nisamehe." Usiongeze "lakini" wala usimtaje kuku. Wala usilie ili akubembeleze, maana kesho ni zamu yake ya kulia. Akikasirika, mwache akasirike. Akikaa kimya siku tatu, mpikie, umngoje. Mtu anayejua kukufungulia mlango wa gari atarudi.

Akishapoa, nendeni wote wawili kwa mama mkwe. Utaongea wewe, yeye akae karibu yako. Kwa mchungaji vilevile, kabla tangazo halijasomwa. Kileo utakwenda mwenyewe, kwa miguu yako, umpigie shangazi magoti, na chochote atakachokupakulia utakila mpaka umalize.

Kuna jambo moja bado. Mumeo ameficha hamu yake miaka saba asikuumize. Wewe umeniandikia kurasa tatu, umenieleza theluji, umenieleza makande, umenieleza mpaka jogoo. Hukuniambia hata mstari mmoja kama wewe mwenyewe unamtaka huyo mtoto wa pili.

Mimi usinijibu. Mjibu Gadiel.

Bi Sabrina